Mtambo wa Jua wa Maadi

Wanafunzi wa sayansi aghalabu hufundishwa kwamba makaa ya mawe na mafuta ni nguvu za jana, na jua na upepo ni nguvu za kesho. Mpango huo wa nyakati hauungwi mkono na historia. Mwaka 1913, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, maji ya Mto Nili yalivutwa kwa mtambo usiochoma kuni wala makaa, tena mtambo huo haukufa kwa udhaifu wake.

Fikra yenyewe ilikuwa imekwisha kujaribiwa Ufaransa. Augustin Mouchot, mwalimu wa hisabati aliyehofu kuwa makaa yatakuja kwisha ardhini, alianza katika miaka ya 1860 kuchemsha maji kwa vioo. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1878 alitumia joto la jua kutengeneza barafu, jambo ambalo hata leo humshangaza asiyejua kanuni za joto. Alitunukiwa nishani. Lakini bei ya makaa iliposhuka, serikali ikaacha kumsaidia.

Mrithi wake alikuwa Mmarekani, Frank Shuman, ambaye utajiri wake ulitokana na kubuni kioo chenye nyavu za waya ndani yake. Alianza majaribio kwao, karibu na Philadelphia, kisha akahamia Misri, na uchaguzi huo ulikuwa wa busara. Misri ina jua tele wala haina makaa. Kila tani ilipaswa kuletwa kwa meli kutoka Uingereza, na kwa hiyo iliuzwa ghali. Mahali alipopachagua ni Maadi, kusini ya Kairo.

Kazi ya mtambo ule yastahili kuelezwa. Vioo hupangwa katika umbo la mfereji uliopindwa kwa hesabu, hata miale yote inayouangukia hurudishwa juu ya mstari mmoja. Kwenye mstari huo hulazwa chombo chembamba cha maji. Maji huchemka, na mvuke wake huendesha injini, nayo injini huendesha pampu. Shauri la umbo hilo lilitoka kwa mwanafizikia Mwingereza, C. V. Boys. Mifereji ilikuwa mitano, kila mmoja una urefu wa futi 204 na upana wa futi 13, nayo iligeuzwa kulifuata jua tangu asubuhi hata jioni. Vyombo vya kwanza vilifanywa kwa zinki, navyo vikashindwa kustahimili joto, ikabidi vifanywe upya kwa chuma. Baada ya hapo mtambo uliweza kuvuta galani 6,000 za maji kwa dakika. Lord Kitchener, aliyekuwa akiitawala Misri kwa niaba ya Uingereza, alipendezwa nao, na Shuman akapiga hesabu kwamba vioo vyenye kuenea maili za mraba 20,250 katika Sahara vingetosha kuupa ulimwengu mzima nguvu uliyohitaji.

Agosti 1914 vita vikaanza. Mafundi waliitwa kwenye kazi za vita, mtambo ukavunjwa, na Shuman mwenyewe akafariki mwaka 1918.

Husemwa kwamba mafuta yalishinda kwa sababu ni bora. Kauli hiyo ina ukweli, ila ni nusu. Mafuta hukaa katika tangi, huwaka usiku na mchana, na huchukulika; manowari haiwezi kusafiri na mfereji wa vioo wa futi 204. Lakini tutazame tarehe. Mafuta yalipatikana Uajemi mwaka 1908. Mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita, serikali ya Uingereza ilinunua sehemu kubwa ya hisa za kampuni iliyoyachimba, kusudi jeshi lake la majini lisikose. Kwa mafuta, basi, palikuwa na hazina ya dola na haja ya jeshi. Kwa jua palikuwa na mtu mmoja na wenye hisa wake. Kuyaita hayo mashindano ya sayansi ni kuyapa heshima isiyo yake.

Mwaka 1984 mifereji ya namna ile ile ilianza kutoa umeme California. Misri yenyewe ilikawia hata mwaka 2011, ulipofunguliwa mtambo wa Kuraymat, yapata kilometa 90 kusini ya Kairo. Una uwezo wa megawati 140. Katika hizo, 20 hutoka kwenye vioo, na zilizobaki ni za gesi.