Tiba ya mwendo wa macho kwa njia ya mtandao

Tiba ya mwendo wa macho kwa njia ya mtandao ni namna ya kutibu kiwewe ambapo mtaalamu wa saikolojia na mgonjwa huonana kwa video, kila mmoja akiwa mahali pake. Mgonjwa huelekezwa kukumbuka tukio lililomuumiza huku macho yake yakifuata kitu kinachokwenda kushoto na kulia. Kimataifa tiba hii hujulikana kwa kifupi cha EMDR. Lengo lake si kufuta kumbukumbu. Aliyepona bado anajua ajali ilitokea wapi na nani alikufa, ila kukumbuka hakumtoi jasho tena wala hakumkoseshi usingizi.

Makala hii inaeleza tiba yenyewe na namna inavyofanyika kwa mtandao, ikichukua mifano kutoka Kibaha na Kisarawe katika Mkoa wa Pwani, Tanzania.

Kiwewe

Kiwewe ni jeraha la nafsi linalotokana na tukio la kutisha, kama vile ajali, moto, kubakwa, kupigwa, vita au kushuhudia kifo. Watu wengi hutikisika kwa siku au majuma kadhaa kisha hutulia bila tiba yoyote. Wengine hawatulii. Tukio huwarudia ndotoni au mchana kweupe kana kwamba linatokea sasa hivi, hukwepa mahali na watu wanaolikumbusha, hushtuka kwa sauti ndogo na huwa wepesi wa hasira. Hali hiyo ikiendelea kwa zaidi ya mwezi mmoja na kuharibu kazi au maisha ya nyumbani, wataalamu huihesabu kuwa ugonjwa unaohitaji kutibiwa.

Historia

Tiba hii ilianzishwa na Francine Shapiro (1948–2019), mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1987, alipokuwa akitembea katika bustani huko California, aliona kwamba mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yalipungua makali macho yake yalipokuwa yakienda huku na huku kwa haraka. Alianza kuwajaribia watu wengine, na mwaka 1989 alichapisha utafiti wake wa kwanza uliohusu watu 22. Mwanzoni aliwaza zaidi juu ya kupunguza hofu. Baadaye alipanua mbinu hiyo hadi kuwa tiba kamili yenye hatua nane.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka EMDR miongoni mwa tiba linazopendekeza kwa watoto na watu wazima wenye ugonjwa wa kiwewe, pamoja na tiba ya fikra na mwenendo inayolenga kiwewe. Mwongozo huohuo ulishauri kwamba watu waliopatwa na tukio baya ndani ya mwezi uliopita wasipewe dawa za kutuliza za jamii ya benzodiazepini kwa ajili ya dalili za mshtuko. Ushauri huo una uzito mahali ambapo jambo la kwanza linalofikiriwa kwa asiyelala ni kidonge cha usingizi.

Namna inavyofanyika

Hatua za kwanza hazihusu macho hata kidogo. Mtaalamu huuliza historia ya mgonjwa, kisha humfundisha namna ya kujituliza: kupumua polepole, kuwaza mahali penye amani, kuhisi miguu ikigusa sakafu. Asiyeweza kujituliza hapelekwi mbele.

Baada ya hapo huchaguliwa kumbukumbu moja. Tuchukue mfano wa abiria aliyenusurika katika ajali ya basi karibu na Mlandizi. Ataulizwa ni picha gani iliyo mbaya kuliko zote. Pengine ni kioo kilichopasuka na kiatu cha mtoto barabarani. Ataulizwa picha hiyo inamfanya ajiambie nini juu yake mwenyewe, kwa mfano "sina usalama popote", na angependa aamini nini badala yake, kwa mfano "nimenusurika, yamepita". Ataulizwa pia anasikia nini mwilini, na maumivu ya moyo ni kiasi gani kwa kipimo cha kuanzia 0, yaani hakuna, hadi 10, yaani hayavumiliki.

Ndipo macho yanapoanza kazi. Mgonjwa huishika ile picha akilini na kufuata kidole cha mtaalamu kwa takriban nusu dakika, kisha huachia, huvuta pumzi na kusema kwa maneno machache kilichojitokeza. Hatakiwi kusimulia tukio lote. Mzunguko huu hurudiwa mara nyingi mpaka kipimo kishuke. Baadaye mawazo mapya huimarishwa, mwili hukaguliwa kama bado una mahali palipokaza, na kikao hufungwa kwa utulivu hata kama kazi haijakwisha. Kikao kinachofuata huanza kwa kuangalia kama nafuu imedumu. Kwa kawaida kikao huchukua dakika 60 hadi 90, na mtu mwenye tukio moja huhitaji vikao vichache kuliko yule aliyeteswa kwa miaka.

Si lazima yawe macho. Wapo wanaogongwa polepole viganjani kwa zamu, kushoto na kulia, na wapo wanaosikilizishwa milio katika sikio moja kisha jingine. Mbinu ya "kukumbatia kipepeo", ambapo mtu hupishanisha mikono kifuani na kujigonga mabegani kwa zamu, ilitokea Mexico baada ya kimbunga Pauline kilichopiga Acapulco mwaka 1997.

Kwa njia ya mtandao

Kabla ya 2020 wataalamu wengi waliiona kazi hii kuwa ya ana kwa ana tu. Janga la UVIKO-19 lilipofunga milango ya kliniki katika nchi nyingi, vikao vilihamia kwenye skrini na baadhi havikurudi.

Kwa mtandao, kidole cha mtaalamu hubadilishwa na nukta inayotembea kwenye skrini. Katika kompyuta nukta hupata nafasi ya kutosha. Katika simu janja macho husogea kidogo mno, na mtandao ukiwa dhaifu nukta huruka badala ya kuteleza. Kwa sababu hiyo wanaotumia simu mara nyingi huelekezwa kukumbatia kipepeo, au kuhamisha macho kati ya pembe mbili za chumba. Njia hizo mbili hazitegemei kasi ya mtandao.

Jambo kubwa zaidi ni usalama. Kabla ya kikao cha kwanza mtaalamu makini huuliza mgonjwa yuko wapi hasa, nani yuko karibu, zahanati au hospitali ya jirani ni ipi, na wafanye nini simu ikikatika katikati ya kumbukumbu. Hili la mwisho si dogo. Bando likiisha wakati mtu yuko ndani ya picha ya moto, anaachwa humo peke yake. Ndiyo maana hukubaliana mapema nani atampigia mwenzake simu ya kawaida, na mgonjwa hufanyishwa mazoezi ya kujituliza hadi ayaweze bila kuongozwa.

Ushahidi na mabishano

Kwamba EMDR huwasaidia wengi si jambo linalobishaniwa sana. Kinachobishaniwa ni macho. Wapinzani wamesema tangu miaka ya 1990 kwamba nguvu ya tiba iko katika kuikabili kumbukumbu chini ya uangalizi, jambo lililokuwemo katika tiba za zamani, na kwamba macho ni nyongeza tu. Watetezi hujibu kwa majaribio ya maabara, mengi yakitoka Uholanzi, yaliyoonyesha kwamba akili ina nafasi ndogo ya kushikilia mambo kwa wakati mmoja. Ukiishika picha huku ukifanya kazi nyingine, picha hufifia na hurudi ghalani ikiwa imepungua rangi. Maelezo hayo yanaeleza pia kwa nini kugonga mabega kunaweza kufaa.

Tafiti za tiba hii kwa mtandao zilizochapishwa baada ya 2020 zimeonyesha nafuu, lakini nyingi zilikuwa ndogo na hazikuwa na kundi la kulinganisha.

Katika Afrika Mashariki, tiba za kiwewe zilizopimwa vizuri zaidi ni nyingine. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi waliopewa mafunzo waliwatibu wakimbizi wenzao kutoka Rwanda na Somalia kwa tiba ya masimulizi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Huko Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, watoto 640 waliofiwa na wazazi walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Waliotibiwa walihudumiwa na washauri wasio wataalamu, kwa tiba ya fikra na mwenendo, na katika maeneo matatu kati ya manne walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma za kawaida. Tafiti hizo hazikuhusu macho wala mtandao. Zilionyesha kwamba kiwewe hutibika hapa kwetu bila kusubiri madaktari bingwa waenee kila wilaya.

Kibaha na Kisarawe

Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, iko kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam kwenye barabara kuu ya Morogoro. Hospitali ya Tumbi, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, imekuwa ikipokea majeruhi wengi wa ajali za barabara hiyo. Mfupa uliovunjika hupigwa picha na kufungwa. Woga wa kupanda basi tena huenda nyumbani na mgonjwa.

Kisarawe hufikiwa kwa barabara inayopita Gongo la Mboto na Pugu. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 maghala ya silaha ya kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto yalilipuka, watu zaidi ya 20 wakafa na maelfu wakakimbia nyumba zao gizani, wengi wakipotezana na watoto wao. Kwingineko, katika Mkoa wa Pwani, mauaji ya viongozi wa vijiji na askari yaliyotokea Kibiti na wilaya jirani, hasa mwaka 2016 na 2017, yaliacha wajane, yatima na mashahidi.

Katika Uzaramo, mtu anayepiga kelele usiku au kupotelea mawazoni huweza kuelezwa kuwa ana pepo, akapelekwa kwa mganga au kuchezewa ngoma. Si haki kulicheka jambo hilo: ngoma hukusanya ndugu, na mgonjwa haachwi peke yake. Tatizo huja pale gharama zinapomaliza mazao ya mwaka na ndoto zikabaki palepale.

Faida ya mtandao kwa mkazi wa Maneromango au Mzenga ni nauli. Badala ya kwenda Muhimbili kila juma, anahitaji simu, bando na chumba chenye mlango. Hicho cha mwisho ndicho kigumu katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu wanane. Baadhi ya washauri huwaruhusu wateja kutumia ofisi ya shule au ya dini baada ya saa za kazi. Kikao ndani ya gari lililoegeshwa kinafaa, mradi lisiwe linaendeshwa.

Tahadhari

Tiba hii haifai kufanywa kwa mtandao na mtu anayeishi nyumba moja na anayemdhuru, kwa sababu kikao kinaweza kusikika. Mwenye mawazo ya kujiua, anayesikia sauti zisizokuwepo au anayelewa kila siku anapaswa kuonwa kwanza ana kwa ana hospitalini. Mwenye kifafa au ugonjwa wa macho amwambie mtaalamu mapema, na macho yakiuma zoezi husimamishwa.

Mtandaoni zipo video na programu za nukta inayotembea ambazo mtu anaweza kujifungulia mwenyewe. Nukta si tiba. Kuamsha kumbukumbu ya kubakwa au ya moto bila mtu wa kuifunga upya kunaweza kumrudisha mgonjwa nyuma kuliko alipokuwa.

Mteja ana haki ya kuuliza mtaalamu alisomea wapi, nani anamsimamia, na kama kikao kinarekodiwa. Anayejitambulisha kuwa daktari anapaswa kuwa amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Taarifa za afya zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtoto aliye hatarini husaidiwa kwa kupiga simu ya bure namba 116.

Anayelipia apatane bei ya kikao kabla ya kuanza, na kumwepuka anayedai malipo ya vikao kumi kwa mkupuo au anayeahidi kuponya kwa siku moja.