Tanuri na Kanisa: Uyeyushaji wa Chuma na Majengo ya Misheni katika Ufipa

Katika nyanda za juu za Ufipa, ambako mji wa Sumbawanga umejengwa, udongo na moto vimeacha majengo ya aina mbili: tanuri la kuyeyushia chuma, ambalo Wafipa huliita ilungu (wingi wake malungu), na kanisa la misheni la matofali ya kuchoma. Wanaakiolojia wameshughulikia la kwanza, wanahistoria wa dini la pili, na ni nadra majengo hayo kuzungumziwa pamoja. Insha hii inayatazama kwa pamoja, kwa sababu hatima zake zimeachana mno.

Ilungu lilikuwa kazi ya usanifu kwa maana kamili ya neno hilo. Lilisimama kufikia kimo cha mita tatu hivi, likipanuka chini na kupungua kuelekea juu. Kwenye kitako liliachiwa matundu yaliyotiwa mirija ya udongo, na hewa ilijivuta yenyewe kwa nguvu ya joto, bila mivukuto. Makaa na mawe ya chuma yalimiminwa kupitia mdomo wa juu. Chuma kilichopatikana kilikuwa bado kichafu. Kilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, ambako mivukuto ilitumika kukisafisha kabla ya mhunzi kufua jembe. Utafiti wa Bertram Mapunda umeonyesha kwamba malungu hayakuwa mwanzo wa ufundi huu: yalitanguliwa na mbinu iitwayo katukutu, iliyotumia matanuri mafupi zaidi.

Kazi hiyo haikutenganishwa na ibada. Tanuri jipya lilipambwa na kuhudumiwa kama bibi harusi, na msimamizi wa uyeyushaji alitunza kikapu cha dawa kilichoitwa intangala. Hapo ndipo wamisionari walipoguswa. Mapadri Weupe walikabidhiwa mwaka 1885 ngome ya Karema, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879 kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Ufipa. Kutoka ukanda huo wa ziwa walipanda nyanda za juu, na chini ya Askofu Adolphe Lechaptois makanisa yalianza kusimama. Mwaka 1914 Padri Wyckaert alichapisha katika jarida la Anthropos makala kuhusu wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo wa Tanganyika. Kichwa hicho peke yake ni ushahidi: ubatizo haukuuzima moto wa tanuri. Swali la wakati huo lilikuwa nani aubariki moto huo, si kama uwashwe. Kilichoudhoofisha zaidi ni majembe ya bei nafuu kutoka ng'ambo, ingawa mwaka 1937 R. C. H. Greig bado aliona inafaa kuandika juu ya uyeyushaji wa Wafipa katika Tanganyika Notes and Records.

Kisheria, majengo yote mawili yako karibu mahali pamoja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalihesabu moja kwa moja kuwa kumbukumbu jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. La baadaye husubiri tangazo la waziri. Mwaka huo unalitupa nje kila kanisa la Ufipa, pamoja na malungu yaliyojengwa baada yake, hata kama fundi aliyeyajenga alifuata kanuni za babu zake. (Hakuna jambo katika historia ya Ufipa linaloufanya mwaka 1863 kuwa mpaka wa chochote.) Hata hivyo kanisa lina waumini wanaolipiga chokaa na kuliezeka upya, wao ndio ulinzi wake, na pengine ndio hatari yake pia, kwa kuwa usharika unaokua hutamani jengo kubwa zaidi. Ilungu halina usharika. Limebaki shambani, kuta zake zilizoungua nusu zinalainishwa na mvua na kurudi kuwa udongo, na mkulima anayepanua shamba la mahindi hana sababu ya kulizunguka kwa jembe lake. Mara nyingi kinachobaki kuonyesha mahali liliposimama ni rundo la mavi ya chuma, ambayo hayaozi.