Shakwe wa Nam Lolwe: Jina la pwani, ndege wa ziwani

Januari moja nilisimama ufuoni Homa Bay. Omena walikuwa wameanikwa juu ya nyavu, na ndege weupe wakiwazengea. Nikamuuliza mvuvi mmoja mzee: “Jaduong’, hawa ndege mnawaitaje kwa Kiswahili?” Akacheka. “Japuonj, hao ni ndege tu. Wezi wa omena!” Nikajitia ujuzi, nikamwambia hao ni shakwe. Akawatazama, kisha akaniuliza neno moja tu: “Wote?”

Swali hilo, mpenzi msomaji, limenikaa kichwani hadi leo.

Kamusi zetu zina shakwe, membe na buabua, na mara nyingi huwaweka baharini. Lugha ilizaliwa pwani, hivyo si ajabu. Lakini kutoka Mbita na Rusinga hadi Karungu na Muhuru Bay kule Migori, ndege hawa wapo, na si wa aina moja.

Wa kwanza ni mwenyeji: shakwe kichwa-kijivu. Mdomo na miguu yake ni myekundu, na msimu wa kuzaa kichwa huvaa kofia ya kijivu. Wa pili ni mgeni: shakwe mgongo-mweusi. Huyu ni mkubwa zaidi, miguu yake ni ya manjano, na mdomo wa manjano una doa jekundu karibu na ncha. Ukimwona mwenye madoadoa ya kahawia usidhani ni aina nyingine; huenda ni kinda wake, maana humchukua takriban miaka minne kupata vazi la utu uzima. Wale wembamba, wenye mdomo uliochongoka na wanaorukaruka hewani kama vipepeo, hao ni buabua.

Huyo mgeni ndiye mwenye kisa. Mwaka 1758, Carl Linnaeus wa Uswidi alimpa jina la Kilatini, *Larus fuscus*, yaani shakwe mweusimweusi. Alimtaja kwa rangi, kwani alimjua kwao alikozaliwa. Alikokwenda baridi ilipoingia, hilo lilikuwa fumbo. Hebu fikiria: msomi huyohuyo aliamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya maziwa wakati wa baridi!

Miaka 100 baadaye, 1858, John Hanning Speke alifika kwenye ziwa letu akaliita Victoria. Ati hakukuwa na jina! Wajaluo waliliita Nam Lolwe, Waganda Nalubaale. Ndivyo ilivyokuwa kwa ndege pia. Shakwe mmoja wa Siberia, jamaa wa karibu wa huyu mgongo-mweusi, ambaye pia hushuka Afrika Mashariki, aliitwa Heuglin mwaka 1876, kwa heshima ya msafiri Mjerumani Theodor von Heuglin aliyezuru Sudan na Uhabeshi.

Fumbo la Linnaeus lilifumbuliwa na kipande kidogo cha chuma. Mwaka 1899, mwalimu Mdenmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete zenye namba na anwani. Ufini ilifuata mwaka 1913. Pete hizo, na baadaye vifaa vinavyofuatwa na setilaiti, zilionyesha kwamba shakwe wengi wa Ufini huvuka Ulaya na Afrika Kaskazini hadi Ziwa Victoria. Hufika kaskazi ikianza kuvuma, na kurudi kwao karibu Aprili. Majira yao ya baridi huyamaliza kwenye jua letu.

Sasa, jina lina kazi gani? Kubwa! Shakwe hawa wamepungua sana huko Ufini. Ili kujua kinachowapunguza, wataalamu wanahitaji habari za miezi wanayoishi huku. Na anayeweza kuokota pete ile si profesa. Ni mvuvi wa Karungu au mtoto wa Mbita anayelinda omena. Akiwa na neno moja tu, “ndege”, atampa nani habari gani? Pete ataifanya pambo, na ushahidi wa safari ya maelfu ya kilomita utapotelea mfukoni.

Kwa hivyo walimu wa Kiswahili wa Homa Bay na Migori wasingojee kamusi kutoka pwani. Watoke na wanafunzi hadi ufuoni mwezi Januari, watazame miguu, mdomo na mgongo, waandike. Wawaulize wazee majina ya Kijaluo pia, na yale yanayofaa yaingie katika Kiswahili kama lilivyoingia “omena”. Lugha iliyotoka pwani ikafika ziwani haina budi kujifunza kuliona ziwa.

Nami bado nina deni la jibu. La, Jaduong’, si wote. Yule wa miguu myekundu ni jirani yako. Yule wa mgongo mweusi ni mgeni, na ametoka mbali.