Wezi wa Angani Walivyoshuka Awasi

Katika Guardians of the Galaxy, filamu ya James Gunn iliyotoka mwaka 2014, kuna kisa cha mguu wa bandia. Wahuni watano wametiwa gerezani huko angani, na fundi wao wa kutoroka ni Rocket, kijinyama cha manyoya chenye ulimi mchafu. Rocket anataja vitu vitatu anavyohitaji: betri, bangili ya askari jela na mguu wa mfungwa mmoja. Mwenzake, Peter Quill, anakwenda kuutafuta huo mguu na kuulipia yuniti 30,000. Anaporudi anaambiwa haukuwa na kazi yoyote, ulikuwa mzaha tu.

Mara ya kwanza kuitazama nilikuwa kwenye kibanda cha video pale Awasi, na sauti ya kwenye diski ikasema jamaa kalipa bei ya ng'ombe mzima. Benchi zikatikisika kwa kicheko. Mzee mmoja nyuma yangu hakucheka. Aliuliza kwa uzito wote: "Ng'ombe wa hapa, ama wa Sondu?"

Kwa asiyepajua, Awasi ni kituo cha soko katika uwanda wa Kano, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kericho, pale inapochepuka njia ya Chemelil na Muhoroni. Mashamba ya miwa yako jirani, na milima ya Nandi unaiona ukiinua macho. Siku ya soko Mluo, Mkipsigis na Mluhya aliyekuja kukata miwa husongamana mahali pamoja. Ndiyo maana kibandani Dholuo peke yake hakikutosha. Muvi iliyotafsiriwa ilikuwa ya Kiswahili, chenye Sheng ya Nairobi iliyopakwa juu kama siagi, na kila mtu alishika kiasi alichoweza.

Hadithi ya wezi wa vyombo vya angani ilifikaje hapo? Kwa wizi. Filamu ile inahusu watu wanaoibiana kifaa chenye nguvu za kuangamiza sayari. Diski yenyewe, iliyouzwa shilingi 50, ilikuwa nakala ya uharamia. Na juu ya uharamia huo alikaa mtu wa tatu, msimulizi, aliyewanyang'anya waigizaji sauti zao na kuwapa maneno yake. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ni ya mwaka 2001, na Bodi ya Hakimiliki ilikuwa na vibandiko vyake vya kutambulisha diski halali. Pale Awasi sikuwahi kukiona hata kimoja.

Lakini kazi ya msimulizi ni ya zamani kuliko diski. Mwaka 1935 Waingereza wawili, Leslie Notcutt na Geoffrey Latham, walipiga kambi Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, wakaanza kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Fedha zilitoka Marekani, kwenye shirika la Carnegie. Sauti ilikuwa kwenye sahani za santuri, kila lugha na sahani yake, na gari la sinema lilizunguka hadi Kenya na Uganda. Aliyewahi kuendesha santuri na projekta kwa wakati mmoja anajua kilichofuata: ukanda ukikatika na kuungwa upya, picha huchapa mwendo wake na sauti wake. Mradi ulifungwa mwaka 1937.

Miaka miwili baadaye London ikaunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni. Mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka, hivyo filamu zake zilikuwa pole kama ng'ombe wa kulima. Nyingi hazikuwa na sauti kabisa. Mwenyeji alisimama kando ya turubai na kipaza sauti akaeleza kwa lugha ya pale kilichokuwa kikitokea. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Bwana shauri alikuwa na maandishi mkononi, ila masikio ya kukagua kila neno la mfasiri hakuwa nayo. Mimi siamini hata kidogo kwamba wale watu walisoma maandishi yale kama yalivyo, usiku, mbele ya umati uliotaka kuchekeshwa.

Wajapani waliijua kazi hii kabla yetu. Enzi za filamu bubu, msimulizi wao aliitwa benshi, na watu walilipa kiingilio kumsikiliza benshi fulani kuliko kumwona mwigizaji. Filamu zilipoanza kusema zenyewe, kazi yao ikafa. Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume. Filamu zilikuja zikisema, tena kwa kelele, na bado tukamhitaji msimulizi.

Kaseti za video na jenereta ndizo zilizomrudisha. Uganda alipewa jina la VJ, na VJ Jingo akavuma Kampala kushinda nyota wengi wa Hollywood. Huko Wakaliga, Isaac Nabwana alipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, filamu aliyoitengeneza kwa pesa ambazo Hollywood zisingetosha chai ya asubuhi, msimulizi VJ Emmie aliwekwa ndani ya filamu yenyewe, akiitania inapoendelea. Tanzania, penye vibanda umiza, sauti iliyotawala ilikuwa ya Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Kenya tukampata DJ Afro, ambaye sauti yake imesikika kwenye matatu, vinyozi na vibanda kutoka Mombasa hadi Busia.

Wote hao walirithi sheria moja isiyoandikwa: staringi hafi. Mtazamaji akiingia amechelewa, swali lake la kwanza ni "Staringi ni nani?" Akishaonyeshwa, anakaa ametulia. Guardians of the Galaxy iliwasumbua watu kwa hilo, maana staringi walikuwa watano na hakuna hata mmoja aliyefaa: mwizi, muuaji, mlipiza kisasi asiyeelewa mafumbo, kijinyama, na mti. Chombo chao sauti ya kwenye diski ilikiita matatu, na bandari ya angani steji. Quill akawa dereva mwenye deni, Rocket kondakta. Sijui James Gunn angesema nini, ila kwa abiria wa Awasi aliyewahi kushushwa Ahero kwa sababu gari "limegeuza", maelezo zaidi hayakuhitajika.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili kilisubiri Hollywood ndipo kipande angani. Katama Mkangi, mwanasosholojia mzaliwa wa Ribe aliyetiwa kizuizini mwaka 1986 wakati wa utawala wa Moi, alichapisha riwaya ya Walenisi mwaka 1995. Dzombo, mhusika wake, amehukumiwa kufa kwa kurushwa ndani ya chombo cha angani. Badala ya kufa anajifunza kukiendesha, na kukifikisha kwenye sayari ambayo jina lake ukilipasua unapata "wale ni sisi". Mtu kuiba chombo kilichoundwa kumuua: ukinitaka nitaje wizi bora zaidi katika fasihi yetu, huo hapo. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu alitoa Pumzi, filamu ya dakika 21 kuhusu dunia iliyoishiwa maji, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance mwaka uliofuata. Awasi, ambako mto Nyando hufurika halafu kisima kikakauka, ingeeleweka bila msimulizi. Kibandani kwetu haikufika. Hakuna aliyekuwa ameiiba.

Nirudi kwenye ule mti, Groot, kwa sababu ndio uliomtoa jasho msimulizi. Groot hajui kusema lolote ila jina lake, kwa maneno yale yale matatu, filamu nzima. Mfasiri mwingine angetafsiri maneno hayo na kupumzika. Huyu wetu kila mara mti ulipofungua kinywa aliupa hotuba: mara unadai nauli, mara unalalamikia ugali mbichi wa gerezani, mara unamtukana Rocket kwa namna ambayo mwenye kibanda alipunguza sauti kwa ajili ya watoto waliokaa chini mbele.

Karibu na mwisho chombo kinaanguka, na mti unachipua matawi kuwazunguka wenzake uwakinge, ukijua wenyewe hautapona. Rocket analia. Mti unafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza haujitaji peke yake, unasema "sisi". Tulisubiri utani. Haukuja. Ile sauti, iliyokuwa haijafunga mdomo tangu jina la kampuni ya filamu, ilinyamaza, tukasikia jenereta nje.

"Umesema nini?" mtoto mmoja akauliza.

"Nyamaza, omera," akajibiwa na yule mzee wa ng'ombe.