Fundi na wateja wapya: kazi hutafutwa wapi mambo yakiwa magumu

Fedha zikikauka mtaani, kitu cha kwanza kusimama ni mjengo. Mwenye kiwanja Mtwapa au Ukunda huwaambia mafundi wasubiri, matofali yakaota nyasi, na vibarua wakarudi kukaa barazani. Lakini bomba linalovuja halisubiri. Kitasa kilichokwama, tangi lililotoboka, paa linalowamwagia watoto maji usiku: hayo mwenye nyumba atakopa ayatengeneze. Fundi anayesema kazi hakuna huenda anatazama upande mmoja tu. Kazi za kujenga zimepungua, za matengenezo zipo, kwa sababu asiyeweza kununua kipya hutengeneza cha zamani.

Pwani yetu ina neema yake katika jambo hili, kama ni haki kuiita neema. Hewa ya bahari hula mabati, madirisha ya chuma na bawaba. Maji ya Mzima na Baricho hayatoshi Mombasa, hivyo nyumba nyingi huvuta maji ya kisima yenye chumvi, nayo huua koki na pampu kabla ya wakati wake. Kila kifaa ulichofunga miaka miwili iliyopita ni kazi iliyo njiani.

Tatizo ni kwamba mafundi wengi hawajui walifunga nini na wapi. Simu imejaa majina kama "Mama Kisauni" na "Mzee Geti Jeusi", bila tarehe wala kazi iliyofanywa. Chukua daftari la kawaida la shule, uandike jina, mtaa, kazi, tarehe na kifaa ulichotumia. Kisha piga simu: "Shikamoo mama, ni fundi wako wa bomba. Ile pampu niliyokufungia mwaka jana yaendeleaje?" Simu hiyo haiombi kazi, na ndiyo nguvu yake. Pampu ikiwa nzima, shukuru, na umwambie kwamba jirani yake akipata shida akupe nafasi uitazame. Neno la mama huyo kwa jirani lina uzito kuliko bango lolote la barabarani.

Halafu kuna kalenda. Watu hupaka rangi na kubadilisha makochi kabla ya Idi, kwa hivyo fundi mwerevu huanza kuuliza Shaabani, si katika kumi la mwisho la Ramadhani wakati kila mtu ameshapata fundi wake. Mapaa hukaguliwa Machi, kabla ya mvua za masika. Hoteli za Diani, Watamu na Malindi hupungukiwa na wageni kuanzia Aprili hadi Juni, na nyingi hukarabati wakati huo. Anayepeleka barua ya kujitambulisha Mei amechelewa. Februari ndio wakati wake. Januari mwache mzazi apumue, ada za shule zimemmaliza.

Wapo pia watu ambao mmoja wao ni sawa na wateja ishirini: wakala wa nyumba za kupangisha, msimamizi wa jengo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayeulizwa kila siku "wamjua fundi mzuri?" Hawa hawatafuti bei ya chini sana. Wanataka fundi anayepokea simu, anayefika saa aliyosema na kuacha mahali pakiwa safi. Wa namna hiyo pia ni ndugu zetu walioko Ghuba na Ulaya wanaojenga au kukarabati nyumbani kwa mbali. Hofu yao kubwa ni kuliwa pesa, na wengi wao wamewahi kuliwa. Watumie picha kabla ya kazi, katikati na mwishoni, pamoja na risiti ya dukani, bila kusubiri uombwe. Ukimaliza nyumba moja hivyo, jina lako litazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya familia hadi Muscat.

Makaratasi nayo yana mahali pake. Fundi aliyejifunza kazini bila kupita chuoni anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA na kupata cheti. Wa umeme anahitaji leseni ya EPRA. Tangu Januari 2024, gharama nyingi za biashara hazikubaliwi na KRA katika hesabu za kodi bila ankara ya eTIMS, kwa hivyo hoteli au ofisi yaweza kumkataa fundi hodari kwa sababu hana ankara hiyo. Vijana, wanawake na walemavu wametengewa asilimia 30 ya zabuni za serikali chini ya mpango wa AGPO. Jisajilini, lakini msiweke mtaji wote huko: malipo ya serikali huchelewa, na duka lililokukopesha saruji halitasubiri miezi minane.

Kuhusu bei, wengi hukimbilia kuishusha. Mimi naona ni hatari, kwani mteja aliyekuzoea kwa nusu bei hatakubali bei ya haki hali ikitengemaa, na kazi ya hasara hukulazimisha kutumia vifaa duni vitakavyokuharibia jina. Afadhali kuigawa kazi: leo choo, mwezi ujao jikoni. Au mwache mteja anunue vifaa mwenyewe, nawe ulipwe ufundi tu. Hapo hata suala la arbuni linapungua, na arbuni ndiyo mzizi wa ugomvi mwingi kati ya fundi na mteja. Ikibidi uichukue, iwe ya vifaa peke yake, ipite kwa M-Pesa ili ibaki na kumbukumbu, na siku ya kumaliza kazi iandikwe kwenye karatasi ambayo kila mmoja anabaki na nakala yake.