Sabuni, Redio na Tamthilia Isiyokwisha

Juzi nampima gauni bibi harusi, macho mekundu. Kaangalia tamthilia mpaka saa nane usiku, na Alfajiri ikampita. Akaniuliza, "Dada, kwa nini siwezi kuzima?" Nikamwambia jambo hilo lina historia, na limeanzia kwenye sabuni.

Mwaka 1930, mjini Chicago, Marekani, Irna Phillips, aliyewahi kuwa mwalimu, aliandika mchezo wa redio, Painted Dreams. Michezo ya namna hiyo ilirushwa mchana, wanawake wakiwa majumbani wanafua na kupika. Kampuni za sabuni zikaona wateja wao wapo hapo, zikaigharamia. Ndiyo maana mpaka leo Wamarekani huziita tamthilia hizi kwa jina la sabuni. Kisa hakikutakiwa kwisha, maana kikisha, nani atasikiliza tangazo? Basi kilikatwa pale pale penye utamu: barua imefika haijafunguliwa, mlango umegongwa hatujui na nani. Mchezo wake mwingine, The Guiding Light, ulianza redioni 1937, ukahamia televisheni 1952, ukaisha 2009. Miaka 72! Aliyeanza kuusikiliza akiwa mwari aliuacha akiwa na vitukuu.

Na kukatwa huko ndiko kunakonasa. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik aliandika kwamba watu aliowapa kazi ndogondogo walizikumbuka zaidi zile walizokatizwa kabla hawajamaliza. Mafundi tunaijua hali hiyo: mkono wa gauni ukibaki haujaungwa, usingizi hauji.

Zanzibar tulipata televisheni ya rangi mapema, miaka ya mwanzo ya 1970, bara wakasubiri hadi 1994. Baadaye yakaja madishi. Mwaka 2008 tamthilia ya Kituruki, Noor, iliyotiwa sauti za Kiarabu, iliwashika watu Arabuni mpaka Mufti Mkuu wa Saudia akaikemea hadharani. Siku hizi za Kituruki tunazipata kwa Kiswahili.

Lakini hata hizo zilikupa sehemu moja, ukasubiri kesho. Katikati ukasali, ukala, ukalala. Mwaka 2012 Netflix walileta utaratibu wa sehemu inayofuata kuanza yenyewe. Ile nafasi ya kuinuka ikaondolewa, na sisi tukadhani tumekosa tu nguvu ya kujizuia.

Kwenye mipangilio kuna pahala pa kuuzima. Tuliuzima kwenye simu yake pale pale, futi ya kupimia ingali shingoni kwangu, kisha nikaendelea na kiuno.