Bunduki ya Upepo na Deni la Mwindaji

Mwaka jana, wakati wa mavuno ya mtama, mtoto mmoja wa darasa la tatu aliingia shuleni na mfuko wake ukitikisika. Nilipomwamuru aufungue, alimtoa tetere, bawa moja limevunjika, jicho moja limeziba kwa damu, naye yu hai. Mtoto alikuwa amempiga kwa manati njiani, asubuhi na mapema, akamtia mfukoni kusudi amchome saa sita. Nikamwuliza kwa nini hakumchinja. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, huyu ni ndege tu, na hii ni manati tu."

Neno lile "tu" lilinikaa moyoni siku nyingi. Babu zetu waliwinda wakala, na Torati yenyewe haikukataza nyama ya ndege walio safi; ilichokataza ni kumtwaa mama pamoja na makinda yake. Basi siandiki habari ya kuacha uwindaji. Naandika habari ya hilo "tu", nami naona halijidhihirishi mahali popote kama katika historia ya silaha moja ya Wazungu iliyo kama kaka yake manati: haina baruti, haina moshi, na mlio wake ni mdogo. Ndiyo bunduki ya upepo.

Wengi hudhani kwamba ni mchezo wa watoto uliobuniwa juzi. Sivyo. Iko moja mjini Stockholm, katika nyumba ya silaha za wafalme, iliyofanyizwa kama mwaka wa 1580, na katika karne ya 18 wakuu wa Ujerumani waliwinda ayala kwa bunduki za namna hiyo. Kazi yake ni nyepesi kuifahamu. Upepo hushindiliwa kwa pampu ndani ya chupa ya chuma. Mtu akivuta kifyatulio, mlango mdogo hufunguka kitambo kidogo sana, upepo hutoka kwa nguvu, ukaisukuma risasi mbele yake.

Iliyo mashuhuri kupita zote ni ile ya fundi Bartolomeo Girandoni, mtu wa Tirol, ambayo jeshi la Austria lilianza kuitumia kama mwaka wa 1780. Kitako chake ndicho kilichokuwa chupa ya upepo, na ubavuni mwa mtutu palikuwa na bomba lenye risasi 20. Kuijaza kulitaka kupiga pampu kama mara 1,500, kazi ya kumtoa mtu jasho! Lakini ikiisha kujaa, askari aliweza kupiga risasi zile zote mfululizo, siku ambazo mwenye baruti hana budi kusimama na kushindilia tena kila apigapo mara moja. Hata hivyo vyombo vyake vilikuwa dhaifu na vigumu kutengeneza, na kufika mwaka wa 1815 jeshi lilikuwa limeiacha.

Bunduki ya upepo ilifika mbali kuliko jeshi lile. Rais Thomas Jefferson wa Marekani alipomtuma Meriwether Lewis pamoja na William Clark kutafuta njia ya kufika bahari ya magharibi, Lewis alichukua bunduki moja ya upepo. Wanahistoria wengi huamini kuwa ilikuwa ya namna ya Girandoni. Mwisho wa Agosti 1803, safari ikiwa imeanza tu, alitia nanga kwenye kisiwa kimoja cha mto Ohio, karibu na Pittsburgh, akawaonyesha watu wa pale silaha yake. Akapiga mara kadhaa, wakastaajabu. Kisha akampa mtu mwingine aishike, asiyejua desturi yake, nayo ikafyatuka. Risasi ikaenda yadi 40, ikapenya kofia ya mwanamke mmoja na kumkata kipajini. Akaanguka chini, damu ikimtoka, nao wote wakadhani amekufa. Baada ya muda kidogo akazinduka, jeraha likaonekana si la kufisha. Lewis mwenyewe aliyaandika hayo katika kitabu chake cha safari.

Nimeyasoma mara nyingi, na kila mara nawaona watu wale wakicheka dakika moja kabla. Hakuna baruti, hakuna moto, kwa nini waogope? Miaka miwili baadaye, mwezi wa Agosti 1805, watu wa kabila la Shoshone walipoiona ikipigwa waliihesabu kuwa muujiza mkuu. Naona hao walikuwa na akili kuliko wale wa kisiwani, maana waliihofu.

Katika karne ya 19 mafundi walipata njia nyingine: badala ya chupa ya upepo wakatia springi ya chuma, ambayo ikiachiliwa husukuma upepo mara moja. Bunduki ikawa rahisi, nyepesi, na dhaifu. Mwaka wa 1886, katika mji wa Plymouth, jimbo la Michigan, Clarence Hamilton alibuni moja ya chuma kitupu. Kampuni ya mji ule iliyokuwa ikifanyiza vinu vya upepo vya kuvuta maji ilianza kuwapa wakulima bunduki hiyo kama zawadi waliponunua kinu. Kumbe watu waliitaka zawadi kuliko kinu! Mwaka wa 1895 kampuni ikachukua jina la bunduki, Daisy, na vinu vikaachwa. Tangu hapo silaha iliyokuwa ya wafalme na askari ikawa ya watoto wa kiume, nao watoto wakatafuta shabaha. Shabaha iliyokuwa karibu ni ndege.

Mwaka ule ule wa 1886, George Bird Grinnell alianzisha mjini New York chama cha kuwalinda ndege. Aliyejiunga aliahidi kutoua ndege asiyekusudiwa kuliwa, kutoharibu viota wala mayai, na kutovaa manyoya yao. Watu wakaingia kwa maelfu, hata chama kikalemewa na wingi wao, kikafa kabla ya miaka mingi kupita. Vyama vingine vikaja kuishika kazi ile. Nasi walimu tunaye wa kumkumbuka hapa, Charles Babcock, mkuu wa shule za Oil City huko Pennsylvania. Tarehe 4 Mei 1894 aliwafanyia wanafunzi wake Siku ya Ndege, wakajifunza majina yao, sauti zao na vyakula vyao. Sheria ilifuata baadaye: tangu mwaka wa 1918 ndege wengi wadogo wa Marekani wanalindwa na sheria ya taifa zima, na mtoto hawezi kusema alikuwa akicheza tu.

Uingereza bunduki hizi hupimwa kwa nguvu. Tangu mwaka wa 1969, ile inayopita futi-pauni 12 huhesabiwa silaha ya hatari, haimilikiwi bila cheti cha polisi. Na Uskoti, tangu mwisho wa mwaka wa 2016, hata iliyo chini ya hapo hutaka kibali. Nguvu hiyo ni kama ya kuinua jiwe la kilo moja na nusu, na zaidi kidogo, kwa kimo cha mita moja. Ni ndogo. Lakini sungura akipigwa nayo kichwani, kwa karibu, hufa papo hapo. Akipigwa tumboni hukimbia, huingia shimoni, akafa siku ya pili au ya tatu, asimfae mtu. Mwenye bunduki kubwa akikosea kidogo, ukubwa wa risasi huweza kumfunikia kosa lake. Mwenye bunduki ndogo hana wa kumfunikia.

Kwa hiyo wawindaji wa huko wanaojiheshimu hujifunga wenyewe. Hawapigi mbali, wengi huona mita 30 kuwa mwisho wao, na upepo ukivuma husogea karibu zaidi au hurudi nyumbani. Hupiga karatasi kwanza, na asiyeweza kuzitia risasi zake zote ndani ya duara ya sentimita mbili na nusu kwa umbali fulani hana ruhusa ya nafsi yake kumpiga mnyama kwa umbali huo. Tena mnyama akijeruhiwa, humfuata mpaka amwone, hata giza likiingia.

Manati ya mtoto yule ingali sandukuni mwangu. Kila Ijumaa baada ya masomo humpa, naye hupiga kopo lililowekwa juu ya kisiki, hatua 15. Nimemwambia kwamba habari ya tetere hatutaizungumza kabla hajalipata mara kumi mfululizo. Ijumaa iliyopita alilipata mara nne.